Twita inachoma masikio? Hivi ndivyo resista za krosova zinavyochaguliwa

Boksi limegongwa vizuri, spika ya besi inapiga, krosova imeungwa. Lakini mziki ukiwashwa, sauti za juu zinachoma masikio. Matoazi yanakwaruza, herufi "s" ya mwimbaji inapiga mluzi, na baada ya nusu saa msikilizaji amechoka bila kujua sababu.

Kwa anayejitengenezea spika, iwe Morogoro mjini au kijijini huko Milima ya Uluguru, dawa ya tatizo hili mara nyingi ni resista mbili tu. Shida ni kwamba wengi huzichagua kwa kuangalia omu peke yake. Omu ndizo zinazoamua sauti itashuka kiasi gani. Wati ndizo zinazoamua kama spika itamaliza harusi bila kutoa moshi.

Vyote viwili vinapigiwa hesabu nyepesi, kabla hata ya kwenda dukani.

Kwa nini twita inaizidi besi

Krosova kazi yake ni kugawa mziki: sauti nzito zinaenda kwenye spika ya besi, sauti nyembamba zinaenda kwenye twita. Ila kugawa si kusawazisha.

Spika hazilingani kwa ukali. Ukali hupimwa kwa desibeli: spika inapewa wati 1, halafu sauti inapimwa umbali wa mita 1. Chukua mfano wa spika ya besi yenye desibeli 88 na twita yenye desibeli 94. Tofauti ni desibeli 6. Ukiziunga hivyo hivyo, twita itaimeza besi.

Kwenye nguvu ya umeme, kushusha desibeli 3 ni kupunguza nguvu kwa nusu. Kushusha desibeli 6 ni kubakiza robo. Kwa hiyo twita ya mfano huu inahitaji robo tu ya nguvu inayoipata. Robo tatu zinazobaki lazima ziende mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye resista, ambako zinageuka joto.

Tofauti hii inasikika haraka kwenye nyimbo za zamani. Morogoro ndiyo nyumbani kwa Morogoro Jazz aliyopigia Mbaraka Mwinshehe, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mziki wa enzi zile ulirekodiwa kwenye tepu, na tepu ina mvumo wake wa "shhh". Twita ikizidi, mvumo huo unakuja mbele ya mwimbaji, na gitaa la solo linasikika jembamba kama waya. Twita ikikaa sawa, gitaa linarudi na mwili wake.

Resista moja haitoshi

Njia ya mkato ni kufunga resista moja kwa mfuatano na twita, basi. Sauti inashuka kweli, ila kuna kitu kingine kinaharibika kimya kimya.

Krosova nyepesi kabisa ya twita ni kapasita moja. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 ikiwa na twita ya omu 8 inaanza kuruhusu sauti kuanzia kama hezi 4,200 kwenda juu. Hesabu hiyo inategemea mzigo ulioko mbele ya kapasita, yaani zile omu 8.

Sasa ongeza resista ya omu 4 kwa mfuatano. Mzigo unakuwa omu 12. Kapasita ni ile ile, lakini mpaka umeshuka hadi kama hezi 2,800. Twita inaanza kupokea sauti nzito ambazo haikutengenezwa kuzibeba. Fundi amepunguza ukali, huku akiisogeza twita karibu na kuungua.

Wengine wanafanya kinyume: wanafunga resista sambamba na twita, yaani kutoka mguu mmoja wa twita hadi mwingine. Hapo ukali haushuki kwa maana, kwa sababu volti zinazofika kwenye twita zinabaki karibu zile zile. Kinachobadilika ni mzigo. Omu 8 sambamba na omu 8 ni omu 4, na amplifaya inabeba mzigo mzito zaidi bure.

Suluhisho ni kutumia zote mbili pamoja. Moja inakaa kwa mfuatano, nyingine sambamba na twita. Ya kwanza inaongeza mzigo, ya pili inaupunguza, na zikilingana vizuri mzigo unabaki omu 8 kama mwanzo. Kapasita haijui kama kuna kilichobadilika, ila twita imepoa.

Mpangilio ni huu: kapasita kwanza, halafu resista ya mfuatano, halafu twita, na resista ya sambamba ikiwa mgongoni mwa twita yenyewe.

Namba za kununua

Kwa twita ya omu 8:

- Kushusha desibeli 3: mfuatano omu 2.2, sambamba omu 18.
- Kushusha desibeli 4.5: mfuatano omu 3.3, sambamba omu 12.
- Kushusha desibeli 6: mfuatano omu 3.9, sambamba omu 8.2.

Kwa twita ya omu 4:

- Kushusha desibeli 3: mfuatano omu 1.2, sambamba omu 10.
- Kushusha desibeli 6: mfuatano omu 2.2, sambamba omu 3.9.

Namba hizi zimesogezwa kidogo ili zilingane na resista zinazotengenezwa viwandani. Hakuna haja ya kuhangaika kutafuta omu 4.01 kamili. Tofauti ya sehemu ndogo ya desibeli haisikiki kwa sikio la kawaida.

Ukikosa namba dukani, unganisha mbili. Resista mbili zinazolingana zikifungwa sambamba, omu zinagawanyika nusu. Mbili za omu 4.7 zinatoa omu 2.35. Mbili za omu 8.2 zinatoa omu 4.1. Mbili za omu 3.9 zinatoa omu 1.95. Zikifungwa kwa mfuatano, omu zinajumlishwa: 10 na 10 ni 20.

Faida nyingine ya kuunganisha mbili zinazolingana ni kwamba joto nalo linagawanyika. Mbili za wati 5 zinafanya kazi ya moja ya wati 10.

Kama huna karatasi ya vipimo vya spika, anza na desibeli 3, sikiliza, kisha nenda 4.5 au 6. Ni rahisi zaidi kuliko kubahatisha.

Wati: hapa ndipo wengi wanaungua

Tuseme amplifaya inatoa wati 50. Si zote zinakwenda kwenye twita, maana kwenye mziki wa kawaida nguvu kubwa iko kwenye besi na sauti za kati. Lakini si busara kupanga kwa siku ya mziki wa taratibu. Panga kwa siku ya sherehe.

Sababu ni hii. Amplifaya ikisukumwa mpaka sauti inapasuka, mawimbi yanakatwa vichwa. Kukatwa huko kunazaa sauti nyingi za juu ambazo kwenye wimbo hazikuwepo, na zote zinakimbilia upande wa twita. Ndiyo maana twita hufa usiku wa shughuli, si mchana wa majaribio.

Kwa tahadhari, hesabu kwamba moja ya tano ya nguvu inaweza kupita upande wa twita. Kwa wati 50, hiyo ni wati 10. Ukishusha desibeli 6, wati hizo 10 zinagawanyika hivi:

- Resista ya mfuatano: nusu, yaani wati 5.
- Resista ya sambamba: robo, yaani wati 2.5.
- Twita: robo, yaani wati 2.5.

Ukishusha desibeli 3 tu, twita inabaki na nusu, resista ya mfuatano inachukua kama asilimia 29, na ya sambamba kama asilimia 21.

Kisha zidisha mara mbili, ili resista isifanye kazi kwenye ukomo wake. Kwa mfano wa desibeli 6, ya mfuatano inunuliwe ya wati 10, ya sambamba ya wati 5. Anayepiga mziki hadharani usiku kucha aongeze tena.

Kuzidisha mara mbili si woga. Resista ya wati 10 ikibebeshwa wati 10 kamili haiungui, lakini ganda lake linaweza kupita nyuzi joto 200. Ndani ya boksi la mbao lenye gundi na pamba au sponji, hilo ni jiko. Ikibebeshwa nusu, joto linapungua sana na omu hazihami.

Kwa sababu hiyo hiyo, resista isilale juu ya ubao. Iache imesimama juu kidogo, upana wa kidole unatosha, hewa ipite. Isiguse gundi, isiguse pamba, isiguse waya zenye ganda la plastiki.

Aina gani, na inasomwaje

Resista ndogo zenye mistari ya rangi, zile zinazong'olewa kwenye redio mbovu, nyingi ni za robo wati au nusu wati. Omu zinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye testa, na bado zikatoa moshi kwenye wimbo wa kwanza. Hazifai kazi hii.

Zinazofaa ni zile nyeupe za pembe nne zenye ganda la saruji. Ndani yake kuna waya uliozungushwa. Ni ngumu, zinavumilia joto, na maandishi yake yanasomeka. Ikiandikwa "10W4R7J", maana yake ni wati 10, omu 4.7, na herufi J inasema omu zinaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Herufi R inasimama mahali pa nukta. Kwa hiyo "2R2" ni omu 2.2, na "8R2" ni omu 8.2.

Wapo wanaosema waya uliozungushwa unafanya resista iwe kama koili na kuharibu sauti za juu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kiasi chake ni kidogo. Hata kama resista ingekuwa na maikrohenri 5, kwenye hezi 20,000 ingeongeza kizuizi cha omu 0.6 hivi, na watu wazima wengi hawasikii sauti ya juu kiasi hicho. Kwa boksi la nyumbani, resista ya saruji inatosha. Pesa ya ziada ni bora iende kwenye kapasita au twita nzuri.

Kwenye resista za rangi, kosa linalojirudia ni la mstari wa tatu. Njano, zambarau, dhahabu ni omu 4.7. Njano, zambarau, nyeusi ni omu 47. Njano, zambarau, nyekundu ni omu 4,700. Ukiweka omu 47 kwa mfuatano badala ya 4.7, twita itakuwa kama haipo, na utadhani imekufa.

Pima kila resista kabla ya kuifunga. Kwanza gusanisha nyaya mbili za testa zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi. Zikisoma omu 0.3, toa hiyo 0.3 kwenye kila kipimo. Kwenye resista ya omu 2.2, kasoro hiyo si ndogo.

Pima twita kwanza, nunua baadaye

Twita ya kawaida ya omu 8 kwenye testa haisomi 8. Inasoma pungufu, mara nyingi kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 inasoma kama 3 na kidogo. Hiyo si mbovu. Testa inapima waya wa koili peke yake, wakati omu zilizoandikwa mgongoni zinahusu mziki unaopita.

Kama testa haisomi chochote, kuna mambo mawili: twita imeungua, au ni twita ya piezo. Piezo haina koili. Ndani yake kuna kipande chembamba cha kauri kinachotikiswa na umeme.

Kuitambua, sogeza ncha ya bisibisi ya chuma mgongoni. Twita ya kawaida ina sumaku na itaivuta bisibisi. Piezo haivuti.

Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu namba zote za hapo juu ni za twita yenye koili. Piezo kwa tabia ni kama kapasita, kwa hiyo mzigo wake unabadilika kadiri sauti inavyopanda. Kwanza inafungiwa resista ya omu 20 hadi 50 kwa mfuatano ili kuilinda amplifaya. Ukitaka kapasita ya krosova ifanye kazi ipasavyo, funga resista ya omu 8 kuvuka nyaya za piezo na hiyo resista yake, ili kapasita ipate mzigo wa kueleweka. Resista hiyo ya omu 8 ndiyo itakayobeba nguvu, kwa hiyo wati zake zisiwe za kubana.

Milimani, ambako umeme ni betri

Vijiji vya Uluguru vina hali yake. Palipo na nguzo za TANESCO, amplifaya inakula volti 230 kama mjini. Pasipo na nguzo, mziki unatoka kwenye betri ya volti 12 na paneli ya sola, mara nyingi kwa kutumia redio ya gari.

Hapo hesabu ya wati inabadilika. Redio inaweza kuandikwa wati 50 kwa kila spika, lakini kwa volti 12 hadi 14 na spika ya omu 4, nguvu safi inayotoka ni kama wati 20 au pungufu. Moja ya tano yake ni wati 4. Resista ya mfuatano itabeba wati 2, kwa hiyo ya wati 5 inatosha kabisa. Hakuna sababu ya kununua ya wati 20.

Kumbuka pia kwamba spika za gari nyingi ni omu 4. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 iliyofaa twita ya omu 8, kwenye omu 4 itaanza juu mno, kama hezi 8,500, na sehemu ya sauti ya mwimbaji itapotea. Tumia maikrofaradi 10, mpaka utarudi kwenye hezi 4,000. Iwe ile isiyo na alama ya chanya na hasi.

Kuna anayeogopa kwamba resista zitamaliza betri. Upande wa twita unakula kidogo, hivyo hasara si kubwa. Hasara ya kweli ni kufunga resista kwa mfuatano na spika ya besi ili "kuilinda". Hapo ndipo kuna nguvu nyingi, kwa hiyo nusu ya betri inaweza kuishia kwenye joto, na besi inalegea. Upande wa besi usiweke resista ya kushusha sauti. Anayetaka kuepuka hasara yote atafute twita na besi zenye desibeli zinazokaribiana tangu mwanzo.

Jambo la mwisho la milimani ni unyevu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, upande wa Kinole na Matombo, inapata mvua nyingi. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono yanashika kutu, na kutu ni omu za ziada ambazo hukuzipanga. Kila ungio lichomewe kwa risasi, lisifungwe tu kwa selotepu.

Jaribu kabla ya kufunga boksi

Usichomelee siku ya kwanza. Zima amplifaya, unga resista kwa vibanio nje ya boksi, kisha washa. Tumia wimbo unaoufahamu vizuri, wenye sauti ya mtu na matoazi. Kaa pale unapokaa siku zote, si pua kwenye spika.

Ukisikia herufi "s" inachoma, ongeza desibeli. Ukisikia mwimbaji kama yuko nyuma ya pazia, umeshusha kupita kiasi, rudi hatua moja. Badilisha resista zote mbili kwa pamoja kila mara, la sivyo mzigo unahama.

Ukiridhika, piga mziki kwa sauti ya sherehe kwa nusu saa. Zima, kisha sogeza kiganja karibu na resista bila kuigusa. Joto la kawaida si tatizo. Lakini kama kuna harufu, au ganda jeupe limeanza kuwa kahawia, wati hazitoshi. Weka kubwa zaidi au gawa kazi kwa mbili.

Ukienda dukani, au ukimwagiza mtu Kariakoo, usiseme tu "resista za spika". Andika omu, andika wati, andika idadi. Kwa boksi mbili zenye twita za omu 8 na amplifaya ya wati 50 kila upande, zikishushwa desibeli 6, karatasi itasomeka hivi: omu 3.9 wati 10, mbili, omu 8.2 wati 5, mbili.